Siongezi, Sipunguzi

Kwa miaka mitano mfululizo, karani mmoja mstaafu wa mahakama aliwaambia watu kwamba binti yake anapumzika. Ukimkuta dukani, ukimkuta kwa kinyozi, ukimuuliza habari za nyumbani, atakujibu vizuri tu: mama hajambo, anashona, paa linavuja kidogo, binti yupo, anapumzika. Aliyasema hayo bila hasira wala aibu, kwa sauti ileile nzito aliyowasomea wezi na matapeli mashtaka yao kwa miaka thelathini na mmoja.

Huyo aliyekuwa akipumzika alikuwa na bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia, macho mekundu ya mtu aliyemenya vitunguu gunia zima, na mgongo uliolalamika kila alipoinuka kitini. Jina lake la nyumbani lilikuwa Makaa. Alipewa na baba yake huyohuyo, akiwa na miaka minne, siku alipochora ng'ombe mzima kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta uliopakwa rangi jana yake. Ng'ombe alifutwa, jina likabaki. Alipofungua chaneli yake ya katuni mtandaoni, Makaa hakuhangaika kutafuta jina jingine.

Na kabla hajatokea mtu wa kusema katuni hujichora zenyewe, afadhali huko kupumzika kuelezwe. Fisi akitembea kwa sekunde moja, hiyo ni michoro kumi na miwili. Akitembea na kugeuka, ongeza. Akitembea, akageuka, kisha akafungua mdomo, hapo ndipo shughuli inapoanza, maana kila silabi ina mdomo wake. Makaa alikuwa na midomo minane ya fisi kwenye kompyuta: wa kusema a, wa kusema o, wa kufumba, wa kununa na mingineyo, na aliibandika mmoja mmoja kama mtu anayepanga shanga. Video ya dakika sita ilimla wiki tatu. Ikishatoka, watu huitazama wakipiga mswaki, kisha huandika chini yake: "Nyingine lini?"

Mfululizo wake uliitwa Kesi za Porini. Hakimu alikuwa kobe anayesinzia, mwendesha mashtaka sungura mwenye kidomodomo, na mshtakiwa wa kudumu alikuwa fisi. Kila kipindi fisi alifikishwa mahakamani kwa kosa jipya, na kila kipindi alijitetea mpaka akajichongea mwenyewe. Wafuasi walikuwa elfu kumi na moja, waaminifu kabisa, lakini kwa mwaka mzima hawakuwa wameongezeka wala kupungua.

Mama yake alizitazama zote, mguu mmoja kwenye cherehani, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kichekesho kufika ili asichelewe. Baba hakuwahi kutazama hata moja. Si kwamba alikataa. Aliitwa, "Baba, njoo uone," naye akajibu, "Nitaona," kwa namna ya mahakama inayoahirisha kesi bila kutaja tarehe. Na hicho ndicho kilichomuuma Makaa kuliko mgongo. Umaarufu alikuwa ameshaukatia tamaa zamani. Alichotaka ni kitu kimoja: siku moja tu amsikie baba yake akiulizwa, "Binti anafanya kazi gani?" na mzee ajibu kwa kuitaja kazi yenyewe.

Basi, mwezi huo kukatokea balaa la jino. Sauti za wanyama wote zilitolewa na kijana mmoja aliyeitwa Domo. Mchana alishika kipaza sauti mbele ya duka la viatu akitangaza bei zilizoshuka, na jioni aliingia kwenye kabati la nguo la mama yake Makaa kuwa kobe, sungura na fisi kwa zamu. Kabati ndilo lilikuwa studio. Nguo humeza mwangwi, na kabati la mshonaji lina nguo za kutosha kumeza hata radi. Domo akavimba shavu, daktari wa meno akasema jino litoke, na akamkataza kufungua mdomo kwa siku nne.

Makaa hakuweza kungoja siku nne: mandhari na miili ya wanyama alishaichora kwa wiki mbili, ilibaki midomo na vituko, na kipindi kilipaswa kutoka Jumamosi. Na sauti hutangulia, kisha ndipo mchoraji achore midomo iifuate. Wenzake wote wakikosa mwigizaji hutumia sauti ya muda: anasoma mtu yeyote aliye karibu, dereva, shemeji, mpangaji, ili mchoraji ajue kila sentensi inachukua sekunde ngapi. Sauti ya kweli ikipatikana, ile ya muda inatupwa. Mama alikuwa na magauni sita ya kukabidhi Ijumaa. Aliyebaki ndani ya nyumba alikuwa Baba, amekaa sebuleni, anausomea mfuko wa chumvi.

Hii ilikuwa tabia yake tangu astaafu. Alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa: mfuko wa chumvi, karatasi ya dawa, maelekezo ya sabuni. Mama alisema ukimpa mwanamume huyu risiti ya dukani atakusomea mpaka namba ya simu ya kiwanda kilichochapa karatasi.

"Baba, nisaidie kusoma kurasa tano tu," Makaa akaomba.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni hati ya nini?"

"Ni ya fisi, Baba. Amekula kandambili za sungura."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Hilo ni shauri zito," akasema Baba, na akavaa koti.

Akaingia kabatini, akaketi kwenye kigoda kati ya magauni ya watu, Makaa akamfungia mlango na kuvaa visikilizio masikioni nje. Sauti ikaja, nzito, tulivu, haina haraka na mtu.

"Kesi za Porini. Ukurasa wa kwanza. Mshtakiwa, Fisi, nukta mbili: Mheshimiwa, mabano, anakohoa kwa aibu, funga mabano, mimi nilidhani ni nyama iliyokaushwa, alama ya mshangao."

Makaa akagonga mlango. "Baba, yaliyo kwenye mabano husomi. Hayo ni maelekezo tu, kwamba hapo fisi anakohoa."

Karatasi ikafunuliwa kabatini. "Yameandikwa?"

"Yameandikwa, lakini..."

"Mwanangu, mimi nimesoma hati za mahakama miaka thelathini na mmoja. Siongezi, sipunguzi. Siku ambayo ningeanza kuchagua cha kusoma na cha kuacha, siku hiyo ningekuwa wakili."

Ikabidi aachwe. Akasoma kurasa zote tano pamoja na mabano yake, nukta zake na namba za kurasa, mpaka mstari wa mwisho ambao Makaa huuweka kila kipindi: "Imeandikwa na kuchorwa na Makaa. Nukta." Kisha akatoka kabatini, akavua koti, akarudi kwenye mfuko wake wa chumvi. Hakuuliza hati ile ilikuwa ya kazi gani.

Makaa aliporudi kwenye kompyuta, alikusudia kukata mabano yote atupe. Lakini alipoisikiliza sauti ile ikisema "anakohoa kwa aibu" kana kwamba inasoma hukumu ya kunyongwa, akacheka peke yake. Akamchora fisi akiinua macho juu kuitafuta sauti, akingoja, kisha akikohoa kwa utii. Akacheka zaidi. Sauti iliposema "anapiga magoti, anajuta," fisi akatazama kulia na kushoto, akajuta kwa shingo upande. Ilikuwa mchezo wake mwenyewe, wa kujiliwaza, na aliufanya kipindi kizima. Sehemu moja tu aliruka. Palikuwa na mahali fisi anafuta machozi kwa mkia, na mkono wake ulikuwa umechoka, akaikata sentensi hiyo kimyakimya.

Alhamisi Domo akapona, akasoma sehemu zake, Makaa akatengeneza video rasmi. Sasa tatizo la wachoraji wa katuni, na hapa hakuna aliye msafi, ni majina wanayoyapa mafaili yao. Ya kwanza Makaa aliiita "mwisho". Akarekebisha rangi, akaiita "mwisho kabisa". Akarekebisha sikio la sungura, ikawa "mwisho kabisa sasa". Yenye sauti ya Domo ikawa "mwisho hii ndiyo", na ile ya mchezo wake na Baba, kwa sababu aliihifadhi akiwa anacheka, ikawa "mwisho hii ndiyo 2". Ijumaa alasiri, macho yakiwa yamechoka, akaipakia moja kati ya hizo na kuipangia itoke Jumamosi saa nne asubuhi.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vitambulisho, ambako mlinzi hukusanya simu mlangoni na kuzitia kwenye kikapu. Foleni ilikwenda kwa mwendo wa yule hakimu wake kobe. Alipotoka saa nane mchana, mlinzi akampa simu akiishika kwa ncha za vidole.

"Dada, hii simu yako inaumwa," akasema. "Imetetemeka tangu asubuhi, imezisogeza nyingine zote."

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Domo: "Wiki hii nimeng'olewa jino na kazi. Asante sana." Makaa hakuelewa. Akafungua chaneli, akaisikia sauti ya baba yake ikitoka kwenye simu katikati ya barabara, "Ukurasa wa kwanza." Watu laki mbili walikuwa wameshaitazama. Chini yake maoni yalikuwa yakimiminika, na karibu yote yaliandikwa kwa mtindo mmoja: "Mabano, nimeanguka kitandani kwa kicheko, funga mabano." Mtu mwingine alikuwa ameandika, "Mabano, bosi ananitazama, funga mabano." Mwalimu mmoja aliuliza kama mzee huyo anaweza kwenda kuwasomea wanafunzi wake kanuni za shule.

Furaha ilimpanda Makaa kutoka miguuni, lakini haikufika kichwani. Njiani, alikumbuka kwamba Jumamosi ni siku ya Baba ya kunyoa.

Kinyozi wa mtaa alikuwa mtu mwema asiyejua kunyamaza, na kioo chake kikubwa kilitazama mlango, hivyo anayeingia huonekana na wote kabla hajaketi. Mzee aliingia, akasalimia, akaketi, akafungwa kitambaa shingoni. Mashine ilipomaliza upande wa kushoto, mteja mmoja aliyekuwa benchini akashindwa kuvumilia. "Mabano," akasema kwa sauti nzito ya kuigiza, "anageuza kichwa, funga mabano." Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akanyoosha simu, na mzee akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka humo, na watu wakiicheka.

Akasimama, akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kitini, akaondoka na nusu ya nywele.

Makaa alimkuta mlangoni. Upande mmoja wa kichwa uling'aa, upande wa pili mvi zilikuwa zimesimama kwa mshangao. Siku nyingine yoyote Mama angecheka mpaka sindano imchome. Siku hiyo alishika mdomo.

"Sauti yangu," Baba akasema, "nani ameitoa hadharani?"

"Baba, nisamehe. Nilikosea faili. Haikupaswa kutoka hiyo."

"Miaka thelathini na mmoja mahakamani. Nimesoma mashtaka ya mtu aliyeiba kengele ya shule akaivaa tumboni akijifanya mjamzito. Ilikuwa ikilia kila akipumua. Hakuna aliyecheka, kwa sababu niliyasoma mimi." Akatafuta kofia yake, akaivaa. "Sasa nasoma kurasa tano ndani ya kabati, nimekuwa kichekesho."

Akaingia chumbani. Na kuanzia hapo akanyamaza. Hakununa, maana aliyenuna hununa kwa kishindo, hufunga milango. Yeye alikaa tu. Jumamosi jioni alipewa dawa yake ya presha, akaimeza bila kuisomea karatasi. Jumapili asubuhi Mama alimwekea mfuko mpya wa sabuni mezani, wenye maandishi pande zote nne na lugha tatu. Akausogeza kando, akachukua chai.

"Mabaya haya," Mama akamnong'oneza Makaa jikoni. "Wewe hujui. Mwanamume huyu alinisomea cheti chetu cha ndoa mara mbili siku ya harusi. Sabuni ya lugha tatu kuiacha? Mabaya haya."

"Nifanye nini, Mama?"

"Mimi najua kushona. Kilichochanika kwa sauti sijui kinashonwa kwa nini."

Nyumba ile haikuwahi kuwa na ukimya wa namna hiyo, na Makaa hakuwa ameijua thamani ya kelele za mfuko wa chumvi mpaka zilipokoma. Alikaa mbele ya kompyuta akitazama namba. Laki nne. Laki sita. Wafuasi elfu kumi na moja walikuwa wamegeuka elfu tisini. Mambo yote aliyoyangoja miaka mitano yalifika kwa siku mbili, yakamkuta hana hamu nayo. Alikuwa ametamani baba yake aiheshimu kazi hii, na kazi hii ndiyo iliyomnyang'anya mzee heshima yake mbele ya benchi la kinyozi. Alijisikia mwizi, tena mwizi wa ndani ya nyumba.

Jumatatu asubuhi Mama akatangaza kwamba hatakaa meza moja na kofia tena. "Ama unyoe upande uliobaki, ama ununue nywele za upande ulionyolewa," akamwambia mumewe. Mzee akatoka bila neno, kuelekea kwa kinyozi, kwa mwendo wa mtu anayejipeleka kusikiliza hukumu.

Makaa alimtazama kupitia dirishani mpaka alipopinda kona. Akakaa mbele ya kompyuta zaidi ya saa nzima, kisha akampigia Domo.

"Naifuta," akasema.

"Unafuta nini?"

"Video."

Domo akapiga ukelele ambao daktari wa meno asingeuruhusu. "Una wazimu? Inakaribia laki tisa! Watu wananisimamisha barabarani kuniuliza kama mimi ndiye yule mzee! Nawajibu ndiyo!"

"Baba yangu hasomi tena, Domo."

"Hasomi nini?"

"Hasomi chochote."

Akakata simu. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Ikamwonya kwamba kikifutwa hakirudi. Akabonyeza. Video ya watu laki nane na sabini elfu ikatoweka kama ilivyotoweka ile picha ya ng'ombe ukutani, na Makaa akalaza kichwa mezani, akalia kidogo, si kwa ajili ya namba.

Hata nusu saa haikupita. Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. Baba akaingia, kofia mkononi, kichwa kizima kimenyolewa kinameremeta, shingoni bado ana kitambaa cha kinyozi.

"Nani," akauliza kwa ile sauti yake yote, ile ya mahakamani, mpaka vijiko vikalia jikoni, "nani amefuta kumbukumbu?"

Makaa akainua kichwa. "Baba?"

"Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne! Mara ya saba! Fisi yuko magotini, anajuta, mara kioo cha simu kikawa cheusi, kikaandika video imeondolewa. Benchi zima linanitazama mimi! Kumbukumbu haifutwi, mwanangu. Inarekebishwa, kwa maombi, kwa maandishi, na ile ya kwanza inabaki kwenye jalada."

"Ulikuwa unaitazama?"

Baba akavuta kiti, akaketi, akapumua. Mama alikuwa ameacha cherehani, amesimama mlangoni na mkasi.

"Nilikwenda kunyoa," akaeleza. "Nikamwambia kinyozi, kabla hujanigusa, lete ushahidi. Mtu hawezi kuchekwa kwa jambo ambalo hajalisoma. Akaniletea simu. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, sikuona kitu. Mara ya pili niliona kwamba watu hawanicheki mimi. Ile sauti haina kosa, sauti imetulia. Wanamcheka fisi. Mimi nasoma, yeye ndiye anayehangaika." Pembe ya mdomo ikamtoroka. "Pale nilipomwambia anajuta, akatazama pembeni kwanza. Nimewaona wengi wa namna ile. Wengi sana."

"Na mara nyingine zote?"

"Mara ya tatu nilikuwa naangalia saa."

Makaa akaelewa papo hapo saa gani. Kwenye ukuta wa mahakama yake ya porini, nyuma ya kobe, kulikuwa na saa ya duara iliyosimama saa nne na robo, kioo chake kina ufa uliozibwa kwa plasta ya kidonda. Aliichora kipindi cha kwanza kabisa na kuiacha hapo miaka yote. Hakuna mfuasi aliyewahi kuitaja.

"Plasta ile niliibandika mimi," Baba akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Chumba cha pili, ukuta wa nyuma ya hakimu. Jengo lenyewe lilishavunjwa. Wewe uliiona wapi?"

"Mama alinituma nikuletee chakula. Nikakaa benchi la nyuma. Ulipanda juu ya kiti ukaibandika, halafu ukashuka, ukavaa koti, ukaanza kusoma. Watu wote wakanyamaza. Nilitaka nikae mpaka jioni."

"Ulikuwa na miaka sita."

"Saba, Baba."

"Sita na miezi minane." Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa kitambaa cha kinyozi, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake. "Miaka mitano hii yote, ulikuwa unachora chumba changu."

"Ndiyo."

"Nami nikasema nitaona."

Mama akaelekeza mkasi kwenye kitambaa. "Sasa mtalia, au kuna mtu atarudisha kitambaa cha watu?"

Baba akajikohoza, akavaa miwani, na akatoa karatasi tano mfukoni, zilezile, zimekunjwa mara nne. Kumbe alikuwa amezihifadhi. "Kabla ya kitambaa, kuna lalamiko. Ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini. Mimi nilisoma: mabano, anafuta machozi kwa mkia, funga mabano. Kwenye video hayamo. Umekata."

"Nilichoka, Baba. Ilikuwa michoro mingi."

"Kwa hiyo fisi hakufuta machozi."

"Hakufuta."

"Lakini imeandikwa."

"Isitoshe mkia wa fisi ni mfupi. Haufiki machoni."

"Hilo," akasema karani mstaafu, "ungelifikiria kabla ya kuandika."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Makaa akatumia Jumanne na Jumatano kumchora fisi akijaribu kufuta machozi kwa mkia usiofika. Fisi alijikunja, akazunguka, akaanguka, akainuka, akaunyoosha mkia kwa mikono miwili, na sauti kutoka juu ikamngoja bila huruma mpaka amalize. Ilikuwa michoro mia mbili na kumi, na Baba alikaa pembeni kwenye kigoda akiihesabu. Mara moja akauliza kwa nini midomo iko minane na si saba. Akajibiwa. Akasema, "Aa," na akaomba aonyeshwe wote.

Video mpya ilibidi ianze upya kabisa, bila hata mtazamaji mmoja. "Shauri likiharibika husikilizwa upya," Baba alisema. "Ni jambo la kawaida." Domo, kwa upande wake, aliapa hatakanyaga tena kwenye kabati lile, kisha akaomba walau sauti ya kobe, akapewa, kwa kuwa kobe hulala muda mwingi na ufizi wa Domo ulihitaji mapumziko.

Kilichobaki kilikuwa mstari wa mwisho. Makaa aliona sauti ya ule wa zamani haikulingana na sehemu mpya, akamwomba Baba ausome tena. Alhamisi asubuhi mzee akavaa koti, akaingia kabatini kati ya magauni, akapokea karatasi yenye mstari mmoja, akafungiwa mlango. Makaa akavaa visikilizio, akabonyeza kitufe chekundu.

"Imeandikwa na kuchorwa na Makaa," ikasema sauti. "Nukta."

Makaa akanyoosha kidole kuzima. Lakini ndani ya visikilizio kulikuwa bado na pumzi, na hanga za nguo zikigongana taratibu, na mtu akijiweka sawa kwenye kigoda.

"Ambaye ni binti yangu," sauti ikaendelea, polepole, kana kwamba inaitafuta njia gizani bila karatasi. "Hapumziki. Hii ndiyo kazi yake, na mimi ni shahidi."

Makaa alibaki kidole hewani. Mama, aliyekuwa akisikia yote kupitia mlango wa kabati, alizima cherehani.

"Baba," akasema, akigonga mlango kidogo, "hayo hayamo kwenye karatasi."

Kigoda kikalia kabatini. Kisha mlango ukafunguka kidogo, kati ya gauni la njano na la bluu ukatokea mkono wenye karatasi.

"Basi yaandike," akasema Baba, "nisome tena."